Mlango Ulioshikiliwa kwa Mgongo

Katika soko la Tukuyu, miaka ile ya ruksa ambapo mitumba ilianza kumwagika mezani hata kwa watu waliozoea kuvaa sare ya kiwanda cha chai, meza ya Debora na meza ya Happyness zilikuwa zimegusana. Debora aliuza nguo za watoto. Happyness aliuza masweta. Mji wenye ukungu na mvua kama Tukuyu haumwachi muuza masweta alale njaa, na Debora alilikumbuka jambo hilo kila alipotupa jicho upande wa pili.

Lakini wivu wake haukuwa wa masweta. Ulikuwa wa chumba.

Happyness alikuwa amepanga mtaa wa Bagamoyo, karibu kabisa na soko, chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Asubuhi mvua ikinyesha alisubiri ndani, akisikiliza redio, na ikikatika alitoka mkavu. Debora alitoka Lupepo kwa miguu, furushi kichwani, na alipofika sokoni nguo za juu zilikuwa zimelowa, ikambidi azianike kabla ya kuziuza.

"Shida yote hii ya nini, dada Debo?" Happyness alimwambia siku moja. "Furushi liache kwangu."

Tangu siku hiyo furushi la Debora lililala Bagamoyo, mwenyewe akalala Lupepo. Kila asubuhi alibisha hodi kwenda kulichukua, na kila asubuhi alikiona kitanda kilichotandikwa, pazia la maua, jiko la mchina lililosuguliwa likang'aa, na redio juu ya kasha. Alisema asante. Asante hiyo ilimlemea kuliko furushi, kwa sababu Happyness hakuwa na ubaya wowote ambao mtu angeweza kuushika na kuufurahia.

Debora aliolewa Ikuti, na mume wake aliitwa Andrea. Baada ya mavuno mawili ya ndoa yao, Andrea alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Mwanzoni salamu zilifika. Baadaye zilifika za watu waliosema wamemwona Zambia, na za watu waliosema mtu wa namna yake alifukiwa shimoni, kisha hazikufika tena. Hakumwachia mtoto. Debora alibaki katika ua wa wakwe, akilima migomba na kupika.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hapokei kitu mkononi mwake, na halitaji jina lake wala neno linalofanana nalo. Akimwona kwa mbali huiacha njia na kujificha migombani mpaka apite. Mjini wengi walikuwa wameiacha desturi hiyo, hasa waliosoma, lakini katika ua ule ilishikwa barabara. Kwa miaka yote aliyokaa Ikuti, Debora alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo. Alimpikia, na mama mkwe akapeleka. Mzee akikisifu chakula, sifa ilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Mama mkwe alipofariki, njia hiyo ilikatika. Hapakuwa na mtu wa kupeleka chakula wala wa kurudisha neno. Wangewezaje watu wawili kukaa katika ua mmoja, mmoja akilazimika kukimbia kila mwenzake anapotoka nje? Mke wa ndugu wa mzee alipokubali kumtunza mzee, Debora alifunga nguo zake akaenda kwa shangazi yake Lupepo. Hakuaga, maana kuaga kunataka mtu wa kumtuma. Ikuti walisema amekimbia, na maneno hayo yalipomfikia hakuwa na wa kumpelekea jibu pia.

Sasa shangazi alikuwa na jambo. Hakumfukuza. Alisema tu, mbele ya sufuria ya ndizi za mbalaga, kwamba mwanawe Isakwisa anaoa baada ya Pasaka, na bibi harusi halali jikoni. Debora alielewa kwamba chumba anacholala kimeshapata mwenyewe.

Kwa hiyo aliposikia kwamba chumba cha pili katika nyumba anayokaa Happyness kimebaki wazi, hakungoja kumaliza kuuza. Alikwenda moja kwa moja.

Mwenye nyumba aliitwa Hezron. Alikuwa mtu wa Makete, aliyekuja Rungwe akiwa kijana kutengeneza mashine za kiwanda cha chai, na aliyestaafu akiwa bado anawaza kwa mashine. Alimkaribisha Debora kwenye kibao.

"Mdhamini wako nani?" aliuliza.

"Mdhamini wa nini, mzee? Kodi nitaileta kila mwezi unapoanza."

"Kodi sijauliza. Mpangaji aliyekuwemo alilipa kodi vizuri kabisa, kisha akahama na mlango."

Debora alidhani hakusikia sawasawa. "Na mlango?"

"Na bawaba zake. Aliacha misumari miwili, nadhani ilimshinda nguvu. Kwa hiyo sasa nataka mtu ninayeweza kwenda kumgongea, nikamwambia, mtu wako kafanya hivi. Baba yako yupo?"

"Alifariki."

"Mume?"

"Yuko safarini. Chunya."

"Anarudi lini?"

Debora alitazama mahali ambapo mlango haukuwepo. Hezron aliona, akaliacha swali hilo kwa heshima.

"Upande wa mume hakuna mtu?"

"Yupo baba mkwe. Ikuti."

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Ni mzee wa pale juu ya kanisa, karibu na mto."

"Ikuti wazee wamejaa, mama. Jina lake."

"Siwezi kulitaja."

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Basi hulijui."

"Nalijua, mzee. Ni desturi tu."

Hezron alikuwa ameishi Rungwe karibu maisha yake yote, lakini ameishi kiwandani, kati ya mashine na watu wa kwao. Alitikisa kichwa polepole. "Desturi haijawahi kunirudishia mlango. Ukimpata mwenye jina, njoo naye."

Wakati Debora anatoka, Happyness alikuwa dirishani akikunja masweta. Yeye alipopanga, kaka yake Wilson, msimamizi wa zamu kiwandani, alikuja mara moja tu. Alishikana mkono na Hezron, wakaongea Kikinga, lugha ya kwao Makete, mpaka chai ikapoa, na chumba kikawa cha Happyness. Debora alikuwepo siku hiyo, amemsindikiza Happyness kutoka sokoni. Aliwaona wakicheka. Hakuna aliyeulizwa jina la mtu yeyote.

"Kimewezekana?" Happyness aliuliza.

"Anataka mdhamini."

"Nikusemee?"

"Usinisemee," alijibu Debora, haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Kupata chumba kwa mdomo wa Happyness kungekuwa kama kuendelea kulaza furushi kwake, ila safari hii furushi lingekuwa yeye mwenyewe.

Alimwendea mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye jina zuri mjini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, wewe ni mke wa mtu. Mumeo akirudi akanikuta ndimi niliyekupangia chumba, nitamwambia nini?" Debora alirudi Lupepo akiwaza kwamba mume asiyerudi ana nguvu kuliko anayerudi kila jioni.

Jumapili iliyofuata yeye na Happyness walikaa benchi moja kanisani. Happyness alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai, akakua akicheza na watoto wa Kinyakyusa, kwa hiyo nyimbo zote alizijua. Waliimba wimbo unaorudia neno *lusungu*, yaani rehema, katika kila ubeti. Kila neno hilo lilipofika, Debora alifunga mdomo, na lilipopita akaendelea na wengine. Mkwe wake aliitwa Lusungu.

"Huo wimbo huujui?" Happyness alimuuliza walipotoka.

"Naujua."

"Mbona neno moja unalimeza kila likifika?"

"Kohoo."

Happyness alicheka. "Kohoo lako lina adabu, dada Debo. Linakuja penye neno lile lile." Kisha akanyamaza, akatembea hatua kadhaa akiwa amekunja uso kama mtu anayejumlisha hesabu kichwani, na hakusema zaidi.

Kuanzia hapo Debora alianza kuona mambo. Alimwona Happyness uani na Hezron, wamesimama mbele ya chumba kitupu, wakiongea kwa sauti ya chini. Kesho yake akamwona Lukasi fundi seremala akipima uwazi wa mlango, na aliyemshikia upande wa pili wa futi hakuwa Hezron. Alikuwa Happyness. Siku ya gulio, siku ambayo muuza masweta hakosi hata akiwa na homa, meza ya Happyness ilifunikwa turubai.

"Mwenzako kaenda wapi?" Debora alimuuliza Jenifer, muuza vitunguu.

"Mimi nimwulize saa ngapi? Nimemwona stendi, amejifunga kitenge kipya, anapanda pikapu. Amependeza mpaka kondakta akamfutia kiti."

Debora aliendelea kupanga vikaptula mezani, lakini mikono ilipanga na kichwa kikapangua. Vyumba viwili. Kimoja cha kulala na kimoja cha masweta, na mlango mpya uliopimwa kwa kimo chake. Ndiyo maana aliuliza, "Nikusemee?" Alitaka kujua kama njia ni nyeupe. Wilson atakuja tena, watashikana mikono, chai itapoa, na yeye Debora ataendelea kubisha hodi kila asubuhi kuomba nguo zake mwenyewe, huku Isakwisa akiingiza kitanda cha harusi Lupepo. Kadiri alivyowaza ndivyo jambo lilivyokuwa kweli, na lilipokwisha kuwa kweli kabisa alimwomba Jenifer amtazamie meza.

Alimkuta Hezron uani anakunywa chai. Mlango mpya, bado una harufu ya randa, ulikuwa umeegemezwa ukutani kando ya chumba kitupu.

"Mama, umempata mwenye jina?"

"Bado, mzee. Nimekuja kwa jambo jingine." Debora hakukaa. "Yule Wilson aliyemdhamini Happy. Ulimuuliza ni kaka yake kwa baba au kwa mama?"

"Kwa nini niulize?"

"Mimi nasema tu. Hawafanani hata pua. Na mtu akileta mwanamume akasema ni kaka yake, mwenye nyumba anapaswa kujiuliza."

Hezron aliweka kikombe chini. "Sema unachotaka kusema."

Debora alifungua kinywa. Hapo, nyuma ya ua wa michongoma, akasikia fimbo.

Iligonga jiwe, ikanyamaza, ikagonga tena. Kisha kikohozi, kirefu, chenye kituo katikati kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Debora hakufikiri. Kitenge kilikwisha kupanda kichwani na miguu ilikwisha kuondoka kabla hajajua. Alikipiga teke kikombe cha Hezron, akatawanya kuku, akajitupa ndani ya chumba kisicho na mlango na kujibana ukutani, uso kwenye udongo.

"Nyoka?" Hezron aliuliza, akinyanyua miguu.

"Karibu, tata, ni hapa," ilisema sauti ya Happyness langoni, ikimwita mtu baba kwa Kinyakyusa. Kisha, "Mzee Hezron, dada Debo hajafika? Nimempitia sokoni, wakaniambia amekuja huku."

"Yumo chumbani humo. Ameingia kama aliyefukuzwa, sijui na nini."

Happyness alitazama uwazi ule mtupu, akamtazama mzee aliyekuwa akiingia uani. Aliunyanyua mlango mpya, akauziba nao uwazi wa chumba, na kwa kuwa haukuwa na bawaba wala komeo, aliuegemea kwa mgongo wake ili usianguke. Ndani kukawa giza. Debora aliona mstari mwembamba tu wa mwanga pembeni, na ndani ya mstari huo pindo la kitenge kipya.

"Aliyekimbia ni nani?" mzee aliuliza. Alisema Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima.

"Ni mama mmoja anatafuta chumba," alijibu Hezron. "Anasema baba mkwe wake ni mzee wa Ikuti, lakini jina lake halijui."

Mzee alicheka, kicheko kikamletea kikohozi. "Analijua *fijo*, tena sana. Ndiyo maana hajalisema. Lusungu ni mimi." Alikaa kwenye kibao, Debora alikisikia kikilia. "Binti huyu alifika kwangu leo asubuhi, kwenye baridi. Ananiambia, tata, kuna mtu mjini hawezi kuimba jina lako. Nikamwambia, basi huyo ni wa kwangu."

"Lakini mzee wangu," alisema Hezron, "mwanao hayupo miaka mingi, na mtoto hakuna. Nitajuaje kama bado ni wa kwako?"

"Kwenu Makete, mtu akitaka kujua huyu ni wa nyumba ya nani, anafanya nini?"

"Anauliza majina."

"Sisi tunaangalia anamkimbia nani." Fimbo iligonga chini mara moja. "Huyu angeweza kunipita njiani kama anavyopita mti. Nani angemwuliza? Andrea yuko wapi wa kumwuliza? Lakini umeona mwenyewe amemwaga chai yako. Mtu asiye wangu angenikimbia kwa nini, mzee nisiyeweza hata kufukuza kuku? Mlango wako ukipotea, njoo Ikuti uulize Lusungu. Nitakung'olea wa kwangu, nikalale na ng'ombe."

Hezron alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyesikia mashine ikishika. "Hapo nimepata mwenye jina," alisema. Akaingia ndani kutafuta chai nyingine, akarudi nayo pamoja na ndizi za kuchoma.

Debora angepaswa kufurahi. Chumba kilikuwa chake. Alikuwa amesimama ndani yake. Badala yake alisikiliza. Alikuwa amempikia mzee huyu miaka yote ile bila kuwahi kumsikia akitafuna, na leo alimsikia, akila ndizi zilizochomwa na mtu wa Makete. Akamsikia akisema, "Shika na wewe, mwanangu, umenitembeza njia ndefu," na kupitia ule mstari wa mwanga akauona mkono wa Happyness ukinyooka na kupokea ndizi. Mkono kwa mkono. Msichana ambaye si wa ua ule, ambaye hakuwahi kupalilia mgomba wake hata mmoja, aliongea naye, akamtania, akamwuliza kuhusu ng'ombe, akamwambia fimbo yake ni nzuri kuliko ya mchungaji. Mzee alicheka tena. Debora aliuma pindo la kitenge. Hakuwa amewahi kumwonea wivu mtu kiasi hicho, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amemshikilia mlango kwa mgongo.

Alisogeza mdomo kwenye ufa. "Happy," alinong'ona. "Mwambie namshukuru."

"Tata, anasema *ndaga fijo*."

"Mwambie nilidhani amekasirika," alisema mzee. "Hakuaga."

Happyness hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. "Anasema alidhani umekasirika. Hukuaga."

"Mwambie sikuwa na wa kumtuma."

"Anasema hakuwa na wa kumtuma."

Fimbo ilikuna udongo huku na huku. "Ni kweli," mzee alisema hatimaye. "Mwambie ni kweli."

Pikapu ya kurudi Ikuti haingojei mtu. Hezron mwenyewe alimsindikiza mzee hadi barabarani, wakienda wakipishana maneno kuhusu mbao na bei zake. Happyness alingoja mpaka mlio wa fimbo ukaisha, ndipo akaondoa mgongo na kuusogeza mlango kando. Debora alitoka akipepesa macho, vumbi la ukuta shavuni.

Kabla hajasema neno Hezron alikuwa amerudi. "Mama, bawaba Lukasi anazileta kesho. Bila huyu Happy kumkazania, angeleta baada ya Krismasi. Ukitaka kuingia, ingia." Aliokota kikombe chake, akakitazama kama kimevunjika. "Ila tulikatishwa. Ulikuwa unaniambia kitu kuhusu Wilson."

Happyness aligeuka. "Wilson gani? Wangu?"

Debora alihisi ukuta wa chumba kipya nyuma yake na hakuona pa kukimbilia. "Nilikuwa nasema tu kwamba hamfanani," alisema. "Pua."

"Aa, pua. Wilson kachukua ya baba. Mimi ya mama, na mama alishukuru Mungu, maana ile ya baba isingeolewa."

"Pua ile naikumbuka," alisema Hezron. "Kwenye zamu ya usiku ilikuwa inaingia kiwandani kabla ya mwenyewe." Akaenda zake ndani akicheka.

Happyness hakucheka muda mrefu. Alimtazama Debora, akaendelea kumtazama baada ya sababu ya kutazama kwisha. Kisha akakung'uta unga wa mbao mgongoni.

"Haya, twende tukachukue furushi lako," alisema. "Kwangu limenijazia chumba."

Wakaingia chumba cha mbele. Pazia lilikuwa limefunguliwa, barabara yote inaonekana. Debora alikwisha kuona kwamba dirisha la chumba chake linatazama migomba. Alisimama juu ya furushi bila kuinama.

"Happy."

"Abee, dada."

"Anafananaje?"

Happyness alielewa anayeuliziwa ni nani. Alifikiri kwa makini, kwa sababu swali lenyewe lilistahili. "Mrefu. Amepungua mwili, lakini mabega yapo. Ana pengo hapa juu. Na akicheka anafumba jicho moja."

Andrea alipocheka alifumba jicho moja, na katika ndoa yao yote Debora hakuwahi kujua tabia hiyo ameitoa wapi.

"Jicho gani?"

"La kushoto."

Lilikuwa hilo hilo. Debora aliinama, akafunga upya fundo la furushi ingawa lilikuwa limekaza. "Shika upande huo," alisema. "Ni zito."